Moto Usiokuwamo Kwenye Filamu

Kila siku alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Jalila alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kukuna nazi. Alikaa juu ya mbuzi, kile kibao chenye meno ya chuma, uani nyuma ya nyumba yao huko Shika Adabu, Likoni, akaweka sinia mbele yake na kuanza. Tatizo ni kwamba mikono ilikuwa kwenye nazi na macho yalikuwa kwingine. Kando ya sinia alitandaza kitabu cha katuni, akakibana kwa kidole gumba cha mguu ili upepo usifunue kurasa.

"Jalila!"

"Abee, mama!"

"Nazi hiyo yakunwa ama yasomewa?"

"Yakunwa, mama."

"Basi mbona siisikii?"

Bi Mwanakheri, mama yake, alikuwa fundi wa kushona buibui. Cherehani ikinyamaza, alisikiliza mbuzi. Mbuzi ikinyamaza, aliita. Hata hivyo Jalila hakukoma. Alikwisha kujikata vidole mara tatu kwa sababu ya kitabu hicho, na bado alikiweka palepale.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Binti Kimondo*. Kilimhusu msichana wa Kisauni, mwanafunzi wa kawaida tu, lakini mtu akiwa hatarini alikwea minara na kubeba magari kwa mkono mmoja. Mchoraji wake alikuwa Velma, dada mmoja wa Kiembeni aliyemaliza chuo juzi juzi. Jalila alikuwa amekisoma kama mara ishirini. Alikipenda, basi. Alipenda jinsi kila kisanduku kilivyomvuta kwenye kisanduku kinachofuata, na alipenda zaidi kwamba aliyekichora ni mtu wa hapahapa Mombasa. Nyuma ya daftari lake la Hisabati walijaa akina Binti Kimondo aliowaiga mwenyewe, wengine wakiwa na mikono mirefu kuliko miguu.

Siku ya Jumatatu, Mwalimu Mwende aliingia Gredi ya Sita na habari. Mwalimu huyu alikuwa mgeni. Alihamia kutoka Machakos muhula uliotangulia, na joto la Likoni lilikuwa bado likimshangaza.

"Likizo ya Agosti kutakuwa na mafunzo ya siku tatu ya kuchora katuni, Kiembeni," alisema. "Atakayefundisha ni Velma, yule anayechora *Binti Kimondo*. Shule yetu imepewa nafasi moja."

Jalila alimshika mkono Kanze, aliyeketi naye dawati moja, akaubana.

"Anayetaka kuhadithia kwa picha, kwanza ajue kutazama picha," Mwalimu akaendelea. "Ijumaa tutatazama filamu ya zamani, kisha kila mmoja ataandika uhakiki wa kurasa mbili. Atakayeandika vizuri kuliko wote ndiye atakayekwenda. Tena ataisoma kazi yake siku ya wazazi."

Filamu yenyewe ilikuwa *Mnazi wa Tatu*. Hapa yafaa nieleze jambo, maana msomaji asiyetoka Shika Adabu anaweza kudhani hiyo ni filamu tu. Ilipigwa mtaani hapohapo, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, wakati minazi ilikuwa mingi kuliko nyumba. Haina rangi. Hakuna nyumba ya wenyeji isiyo na mtu wake mle ndani: huyu bibi yake amepita na ndoo, yule ami yake ameonekana kisogo. Kila Idi, watu wakishakula, waliiweka tena wakaanza kupiga kelele, "Huyo! Huyo mama huyo!" Kusema mbele yao kwamba filamu hiyo haipendezi kulikuwa kama kumwambia bibi harusi kwamba pilau yake haina chumvi. Huenda ni kweli, lakini nani athubutu?

Aliyeheshimiwa zaidi kwa ajili ya filamu hiyo alikuwa Mzee Mwinyihaji, jirani ambaye nazi za kina Jalila zilitoka shambani kwake. Ujanani alikuwa mkwezi, yaani kazi yake ilikuwa kupanda minazi na kuangua nazi, na mle ndani anaonekana akikwea mnazi mrefu toka chini hadi kileleni. Mwalimu Mwende alikwisha kumwalika awe mgeni wa heshima siku ya wazazi. Mzee alikuwa ameshapeleka kanzu yake kwa dobi.

Ijumaa ikafika. Walifunga madirisha, projekta ikawashwa, na picha ikatokea ukutani. Ndugu wawili walikaa mkekani wakanyamaza. Mmoja akasema neno. Wakanyamaza tena. Jalila akajinyoosha. Kisha akatokea kijana mwembamba, akafunga kamba miguuni na kuanza kukwea mnazi. Akakwea. Akazidi kukwea. Hapakuwa na muziki wala maneno, ila majani yaliyopigwa na upepo.

Ghafla karani alimwita Mwalimu Mwende ofisini. Mlango ulipofungwa tu, Jalila alitoa *Binti Kimondo* chini ya dawati, akakielekeza kwenye mwangaza wa ukutani, na huyo akazama. Alipoinua kichwa, majina ya waigizaji yalikuwa yakipanda ukutani na Mwalimu alikuwa akifungua madirisha.

"Imekwisha?" alimnong'oneza Kanze. "Yule alipofika juu ikawaje?"

"Aliangua nazi, akashuka. Kisha wale ndugu wakagombania shamba, wakapatana. Basi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mimi niliipenda kiasi. Ile sauti ya majani."

Jumamosi Jalila aliketi na kalamu yake ya risasi. Sentensi ya kwanza aliyoandika ilikuwa hii: "Filamu hii inachosha." Aliitazama. Ilikuwa kweli kabisa. Halafu akamfikiria Velma, akafikiria nafasi ile moja, akafikiria wazee wakisikia sentensi hiyo siku ya wazazi. Akaifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka.

Ukurasa mpya ulijaa upesi. Sifa za *Mnazi wa Tatu* alizisikia kila Idi, kwa hiyo alizimwaga tu. Lakini zilitosha ukurasa mmoja, na zilitakiwa kurasa mbili. Hapo mkono wake ukaenda wenyewe kwenye jambo alilolipenda. Aliandika kwamba yule mkwezi, alipofika kileleni, aliona moshi. Akateleza hadi chini, akakimbia, akaingia katika nyumba inayowaka moto na kutoka na mtoto mchanga kifuani. "Na shujaa huyo," alimalizia, "ni Mzee Mwinyihaji wetu." Kisa chote kilitoka katika *Binti Kimondo*, ukurasa wa kumi na mbili hadi wa kumi na tano.

Jumatatu alitangazwa mshindi.

"Nilikuwa ofisini, nikaikosa sehemu hii ya moto," Mwalimu Mwende alisema kwa furaha. "Lakini Jalila ameieleza mpaka nimeiona!" Akazipiga picha zile kurasa mbili kwa simu, akazituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp.

Wakati wa mapumziko Kanze alimvuta Jalila kando.

"Jalila, mle hamna moto."

"Nyamaza basi."

"Wala hamna mtoto."

"Nani atajua? Filamu ya kizamani hiyo!"

"Watu wote wa huku waijua kuliko mimi na wewe," Kanze akasema. "Mimi sitakusemea. Lakini usiniambie nifurahi."

Hazikupita siku tatu. Jumatano Bi Mwanakheri alirudi kutoka dukani na uzi wake, akafika uani kabla hata ya kuvua viatu.

"Watu wana maneno!" alisema. "Wale wa barazani kwa Hashim kinyozi wamempa Mzee Mwinyihaji jina. Zimamoto! Akitokea tu, wamwambia lete maji. Wasema amewadanganya watoto wa shule kwamba aliokoa mtu motoni. Mtu mzima yule, kila alasiri ilikuwa ni mchezo wake wa keram na wenzake, sasa ameacha kwenda. Na siku ya wazazi amesema haendi." Akamtazama binti yake. "Ni yale uliyoyaandika wewe. Habari za moto ulizisikia wapi?"

"Nilisikia tu, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Basi watu hao wamemkosea sana mzee wa watu," Bi Mwanakheri akasema, akaingia ndani.

Jalila alibaki juu ya mbuzi. Kitabu kilikuwa wazi kando ya sinia, lakini upepo ulipofunua kurasa hakukibana. Aliona haya, tena haya za kumwasha masikio. Alikuwa ametaka kumsifu mzee na kupata nafasi, yote kwa pamoja, na sasa mzee anaitwa mwongo kwa uongo ambao hakuusema yeye.

Alhamisi ilikuwa zamu yake kwenda kuchukua nazi. Angeweza kusingizia tumbo. Alichukua kikapu, akaenda.

"Hodi!"

"Karibu."

Mzee Mwinyihaji alikuwa nyuma ya nyumba akifua nazi. Alizipigilia kwenye kifuo, ule mti uliochongoka, na makumbi, yale maganda ya nje, yakabanduka. Ukutani palitundikwa kanzu yake iliyotoka kwa dobi, bado imo ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Akaendelea kufua nazi mbili zaidi kabla ya kusema tena. "Nimeonyeshwa ile karatasi yako kwenye simu. Wewe sina hasira nawe. Mtoto huandika aliloambiwa. Nataka unambie tu ni nani aliyekutia maneno yale. Ni Hashim, sivyo? Yule apenda mzaha. Sema tu ndiyo, mimi nitajuana naye."

Jalila alishika kikapu kwa mikono miwili. Kuitikia kwa kichwa tu, na mambo yangeisha. Hashim angekana, lakini Hashim hukana kila kitu na hakuna amwaminiye. Siku tatu za Kiembeni zilikuwa bado zake.

"Si Hashim, Babu," alisema. Akaweka kikapu chini. "Hakuna aliyeniambia. Nilitunga mwenyewe. Wallahi sikutaka wakucheke. Sikuitazama filamu, nilikuwa nasoma kitabu cha katuni chini ya dawati."

Mzee alisimama na nazi mkononi. "Kwa nini?"

"Ilinichosha."

"Ilikuchosha wapi?"

Jalila aliinamisha kichwa. "Pale ulipokuwa ukikwea."

Mzee Mwinyihaji aliiweka nazi chini polepole. Yalimuuma, na hakujaribu kuficha.

"Mara kumi na moja," alisema. "Nilikwea mara kumi na moja siku ile, yule bwana wa kamera apate wingu alitakalo. Kila nikifika juu anambia, shuka, rudia. Kifua kilichubuka chote." Alifungua kifungo cha shati, akaonyesha alama nyeusi iliyobaki. "Nawe wasoma vikatuni!"

"Nisamehe, Babu."

"Kuchoka si kosa. Hata marehemu mke wangu ilimchosha. Pakifika pale nakwea, yeye alikwenda jikoni kutazama wali wake, na hatukukosana hata siku moja. Lakini wewe umenipa sifa ya jambo sikulifanya. Nilichokifanya nilikifanya, mara kumi na moja. Leo nikipita, watu waniona mwongo, na mnazi niliokwea kweli hakuna anayeukumbuka."

Jalila alianza kulia. "Nifanyeje, Babu?"

"Uliandika wewe. Pa kuanzia wapajua," akasema mzee, akamtilia nazi zake kikapuni kama kawaida.

Alianza kwa mama yake. Bi Mwanakheri alisimamisha cherehani, akasikiliza hadi mwisho, na hakupiga kelele, jambo ambalo Jalila aliliona zito kuliko kelele. Asubuhi alimpeleka shuleni mwenyewe.

Mwalimu Mwende aliyasikiliza yote. "Umeniangusha, Jalila," alisema. "Na mimi nimekosea. Nilisambaza jambo ambalo sikulitazama kwa macho yangu. Nitaliandika hilo kwenye kundi leo hii. Wewe utasema lako mwenyewe siku ya wazazi. Na nafasi ya Kiembeni itakwenda kwa aliyekuwa wa pili."

Wa pili alikuwa Kanze.

"Mimi?" Kanze alishtuka alipoambiwa. "Mwalimu, hata duara sijui kuchora! Mwache tu Jalila aende, yeye ndiye ajuaye."

"Wewe uliandika ulichokiona," Mwalimu akasema. "Utakwenda wewe."

Jalila aliinamia dawati akalia, na Mwalimu akamwacha alie. Alasiri ile aliazima simu ya mama yake, akaenda nayo kwa Mzee Mwinyihaji, na wakaitazama *Mnazi wa Tatu* pamoja tangu mwanzo. Mzee aliisimamisha kila mara aeleze nani ni nani. Ikawa ndefu maradufu. Kabla ya kuondoka, Jalila alimwomba aje siku ya wazazi.

"Nitakuja nisikie," mzee akajibu. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Mzee Mwinyihaji alikaa mstari wa mbele ndani ya kanzu yake, uso umekazwa. Hashim na wenzake wa barazani walikaa nyuma, na mmoja wao akakohoa neno lililofanana na "moto". Jalila alisimama na karatasi yake, akasoma.

"Katika *Mnazi wa Tatu* hamna moto wala mtoto aliyeokolewa. Moto niliutia mimi. Mzee Mwinyihaji hakuniambia mimi wala mtu yeyote habari hiyo. Siku ile sikuitazama filamu, nilisoma *Binti Kimondo*. Jana niliitazama yote. Bado naona ni ndefu, na wale ndugu wawili wananyamaza mno."

"Astaghfirullahi!" bibi mmoja akasema kwa sauti.

"Lakini mtoto asema kweli, ni ndefu," akajibu mwingine nyuma yake, na watu wakacheka.

Jalila alingoja kicheko kiishe. "Nakipenda kitabu changu zaidi. Lakini yule kijana alikwea kweli, mara kumi na moja. Akifika juu miguu yake inatetemeka, na hiyo si kuigiza. Binti Kimondo hatetemeki kamwe, hata kidogo. Hapo filamu imekishinda kitabu changu. Babu Mwinyihaji, naomba radhi mbele ya watu wote."

Kisha Hashim akainuka kule nyuma, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mzee Mwinyihaji, na sisi tuwie radhi. Ulimi ulituteleza. Jumatatu njoo, keram bila wewe haina raha."

"Nitakuja niwafunge," mzee akasema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu afike.

Shule zilipofungwa, Kanze alikwenda Kiembeni. Jalila alibaki nyumbani akikuna nazi, na siku hizo tatu zilimuuma zote tatu. Kabla ya hapo alikuwa amemwazima Mzee Mwinyihaji *Binti Kimondo*, kwa kuwa mzee mwenyewe alimwambia, "Na mimi nitazame hicho chako." Alipokwenda kuchukua nazi wiki ile, alimkuta mzee amevaa miwani na kitabu kiko mapajani.

"Nimekisoma chote," mzee alisema. "Sikukipenda."

"Hukukipenda kivipi, Babu?"

"Huyu binti hapumziki. Abeba gari, aruka, abeba jingine. Jasho halimtoki. Mtu gani huyu?"

Jalila alicheka, ingawa maneno hayo yalimchoma kidogo. Mzee akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kumi na mbili. "Lakini hapa, akikwea mnara. Tazama vidole vya miguu vilivyotanuka. Hivyo ndivyo. Aliyechora mguu huu amewahi kumtazama mkwezi kazini."

Jalila alikwisha kuupita ukurasa huo mara ishirini bila kuviona vidole hivyo. Mzee akavua miwani.

"Ningekwambia chote kizuri, ungejuaje kwamba mguu huu nimeupenda kweli?" alisema. "Na wewe fanya hivyo, mjukuu wangu. Lililokuchosha sema limekuchosha, kwa adabu. Siku ukisifu kitu, watu watajua umekiona."

Jalila alisita kidogo, kisha akatoa daftari la Hisabati kikapuni na kufunua nyuma. Palikuwa na mchoro mpya uliomchukua siku tatu, zile tatu za Kiembeni: kijana mwembamba juu ya mnazi mrefu, kamba miguuni.

"Nambie kweli, Babu."

Mzee Mwinyihaji alirudisha miwani, akautazama mchoro huo kwa muda mrefu.

"Mnazi mzuri sana," alisema. "Lakini kamba ulivyoifunga, huyu mtu ataanguka."

Jalila alikaa chini palepale kwenye makumbi, akatoa raba. "Basi nionyeshe inavyofungwa," alisema.